Mbao Yenye Sauti

Kabla ya kuushika msumeno, fundi jirani yangu hapa Kikula huugonga ubao kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukilipia.

"Papa, usikate kwanza," aliniambia Jumamosi ile. "Gonga, usikie."

Kilikuwa kipande cha mulombwa, mabaki ya mlango, urefu wake kiwiko hadi vidole. Ncha moja ililia wazi. Ncha ya pili ilikoroma, na alipokigeuza kwenye mwanga tukaona ufa mwembamba kama unywele. Akaukata ule upande wenye ufa, akautupia kwenye kuni.

Mulombwa ndio mninga wa Watanzania na mukwa wa Wazambia, Pterocarpus angolensis kwa jina la kitaalamu. Mti mbichi ukiutia shoka hutoka utomvu mwekundu kama damu. Wandembu, jamaa za Walunda upande wa Zambia, huuita mukula, na kwao ulikuwa alama ya damu, ya jando na ya uwindaji. Mbao zake zikishakauka hazipindi wala hazijikunji. Nyuzi zake hupishana, tabaka moja likilalia kulia na lingine kushoto, ndiyo maana ukishapiga randa mwanga hutembea juu yake kama juu ya maji ya Tshangalele jioni.

Nilikuwa nimekwenda kwake na ombi lisilo la kawaida kwa seremala wa Likasi. Nilitaka tutengeneze kisanduku cha kumwita bata mzinga wa porini, kama kile wanachobeba wawindaji wa Marekani. Ni kisanduku chembamba cha mbao, kirefu kuliko kiganja, kisicho na kitu ndani. Juu yake kuna kifuniko chenye mkono, kimeshikwa na skrubu moja tu upande mmoja. Kifuniko hupakwa chaki chini, kisha husuguliwa juu ya kingo za kuta mbili. Mbao hushika, huteleza, hushika tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na kisanduku hulia kwa sauti ya bata mzinga jike. Waya wa fidla hulia kwa njia hiyohiyo chini ya upinde. Hata puita, ile ngoma ya Angola inayosuguliwa kijiti kwa mkono uliolowa maji, ni kazi ya namna hiyo. Hati ya ubunifu ya kisanduku hicho ilitolewa mwaka 1897 kwa Henry C. Gibson wa Dardanelle, jimbo la Arkansas.

Siri iko kwenye kuta. Ukuta mmoja huachwa mnene kidogo, mwingine hukwanguliwa uwe mwembamba, ili kila upande uwe na sauti yake. Kidole chenye mafuta kikigusa ukingo, sauti inakufa, na lazima uanze upya na msasa na chaki.

Niliposoma habari za kuta hizo mbili nilisimama kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeshaziona. Chinguvu, ngoma ya mbao ya Wachokwe na Walunda, haina ngozi kabisa. Ni gogo moja lililochongwa likawa pana chini na jembamba juu. Fundi huingiza patasi kupitia mwanya mwembamba wa juu, na kupitia mwanya huo peke yake hulichimba gogo lote. Haoni anachokata, anapima kwa kugonga na kusikiliza. Kuta mbili huachwa na unene tofauti, moja itoe sauti ya juu na nyingine ya chini, kwa kuwa lugha zetu nyingi husemwa kwa sauti ya juu na ya chini, na ngoma iliyopata zote mbili inaweza kupeleka habari kijiji cha pili. Wachokwe pia walichonga filimbi ndogo za mbao, nyingine zikiwa na kichwa cha mtu juu yake, za kuitana wakiwa mawindoni. Mimi naona ujuzi wa Gibson na ule wa mchonga chinguvu ni ujuzi mmoja, na wetu ndio uliosumbukiwa zaidi.

Hata ndege wenyewe wana undugu wa majina. Bata mzinga ni ndege wa Amerika, lakini wanasayansi walimpa jina la Meleagris, ambalo kwa Wagiriki lilikuwa jina la kanga, huyu kanga wetu wa madoadoa anayekwaruza mashamba baada ya mavuno. Waingereza nao jina wanalomwita bata mzinga walikuwa wakimwitia kanga.

Huko Marekani visanduku hivi vimekuwa sanaa inayojitegemea. Shirika la National Wild Turkey Federation, lililoanzishwa mwaka 1973, huandaa mashindano ya mafundi, na vipo visanduku ambavyo havitakwenda porini kamwe: hununuliwa kwa sauti yake na kwa uzuri wa mbao, zenye mawimbi, zenye macho, zenye michirizi. Mafundi hao huzitafuta mbao za Afrika. Hukereza filimbi kwa mpingo, ambao Tanzania na Msumbiji huuza kwa watengenezaji wa klarineti. Hutumia wenge na padauk, miti ya misitu ya Kongo. Padauk ni ndugu wa mulombwa, damu moja, jina moja la ukoo. Kipande kinachojaa mkononi kinawatosha.

Hapo ndipo ninaposhikwa na uchungu. Ndugu mwingine wa ukoo huo, mukula wa Katanga (si ule wa Wandembu), Pterocarpus tinctorius, ameondoka kwetu kwa magogo mazima. Kwa miaka kadhaa malori yalipita mpaka wa Kasumbalesa, kuingia Zambia kuelekea bandarini, mzigo ukienda kuwa samani nyekundu China. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori hayo. Mwaka 2019 mkataba wa CITES uliuweka mukula katika orodha ya miti inayouzwa nje kwa kibali tu, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaongeza Pterocarpus zote za Afrika. Miti iliyobaki porini inakabiliwa na shoka la makala, yaani makaa. Panda gari kutoka hapa hadi Lubumbashi, kilomita kama 120, uone magunia yaliyopangwa kando ya barabara. Siwalaumu wanaochoma, watoto wao wanakula kwa magunia hayo, na mimi mwenyewe napikiwa kwa makala. Lakini ndani ya yale magunia imo miti ya mubanga na mulombwa iliyongoja miaka mingi iwe na moyo mgumu.

Na mji huu wa Likasi ulishawahi kusikika mbali kwa sauti ya sanduku la mbao. Ilikuwa mwaka 1952, ungali ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipomrekodi hapa kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, na gitaa lake. Wapiga gitaa wa Nairobi hadi Ulaya walikaa wakijaribu kufuata vidole vyake.

Kisanduku chetu cha kwanza kilipasuka pembeni kwa haraka yangu ya kukaza skrubu. Cha pili hakikulia, kwa kuwa gundi ilichuruzika ndani. Cha tatu tulikipa kifuniko cha mubanga, mbao nzito inayotia butu patasi, na fundi akakwangua ukuta wa kulia kidogo kidogo, akigonga kila mara, hadi ukabaki milimita 3 hivi. Tukapaka chaki. Nikasukuma kifuniko polepole, kikakwaruza. Nikasukuma tena, kikatoa mlio mkali, mrefu, wenye kuvunjika mwishoni. Kuku wa uani walisimama, shingo juu.

Fundi alikichukua mkononi mwangu, akasugua upande wa kushoto, akatikisa kichwa. "Huu bado mnene," alisema, akakiweka juu ya meza hadi Jumamosi.