Wimbo wa Kilio Mbele ya Wageni

Inatokea wageni kufika misioni, na sisi tunasema upesi: «Korale iwaimbie wimbo wa mababu.» Kiisha tunachagua wimbo wa kilio, juu tunauona kuwa mzuri kupita nyingine. Mama mzee anayeujua atauliza kwa haki: nani amekufa? Ulizo hilo si la ujinga. Tulipime kwa habari ya Misa Luba, iliyotoka Kamina, katika inchi ya Katanga, ikasikiwa Ulaya na Amerika.

Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka wa 1953. Mwaka wa 1954 aliunda korale ya watoto wanaume karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu karibu 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji. Wakati ule, katika misioni nyingi, ngoma ilibaki inje ya mlango wa kanisa. Lakini tarehe 23 ya mwezi wa tatu 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo pale Kamina, waliimba Misa kwa ngoma. Maneno yalikuwa Kilatini. Sauti na namna ya kuitikiana zilikuwa za kwao. Mwaka ule ule walikwenda kuimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika maonyesho makubwa ya Brussels.

Jambo la kushangaza ni hili: Misa ile haikuandikwa kwanza. Mwimbishaji, Joachim Ngoi, mwalimu mwenye sauti ya tenori, alitupa neno, wenzake wakalipokea. Njia ya wimbo ilijulikana, lakini mapambo yalizaliwa palepale. Sanctus imefuata wimbo wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya Kasai. Sehemu nyingine zimefuata kasala. Kasala kwa Waluba, zaidi wale wa Kasai, ni shairi la kuimbwa: linataja majina ya mtu, mababu wake, ukoo wake, ushujaa na mateso. Linasikiwa hasa katika matanga, lakini sherehe nazo zina kasala zao. Mwimbaji hakariri kama mtoto wa shule; anaangalia ni nani aliyekufa na ni nani waliofika, na kwa hiyo anaongeza au anapunguza. Patrice Mufuta na Clémentine Nzuji, wenyeji wa inchi yetu, wameandika vitabu vizima juu yake.

Basi katika Credo, kwenye Crucifixus, kilio kinasikiwa. Nani amekufa? Yezu Kristu. Hapo yule mama mzee amepata jibu lake. Kilio hakikupoteza marehemu wake, kimempata mwingine.

Kiisha ilikuja sahani ya santuri, mwaka 1958 huo huo, na sahani hairudi nyuma. Watu waliandika noti kwa kufuata yaliyosikiwa mle, na hata leo korale za Ulaya na Amerika zinafuata mapambo ya siku moja kana kwamba ni sheria. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, nayo ilirekodi Misa ile mwaka wa 1990. Sanctus iliingizwa katika filamu ya Kiingereza If.... ya mwaka 1968, habari ya wanafunzi wanaoasi shule yao. Hapo wimbo wa altare umekwenda mbali sana! Hatuwaonei wivu wanaoimba. Lakini kwenye karatasi jina linalotangulia ni la Padri Haazen, na majina ya wale watoto ni wangapi wanaoyajua?

Kanisa halituzuii. Mtaguso, mwaka wa 1963, uliagiza miziki ya mataifa ipewe heshima na fasi yake katika ibada, na mwaka wa 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaïre, kama inchi yetu ilivyoitwa wakati ule.

Kwa hiyo, sisi wa Kasongo na Kabambare, tusichukue noti za Kamina kama nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine, hata kama Kibangubangu na Kiluba ni ndugu. Tuchukue namna yao ya kazi. Mseminari akiwa likizoni akae na akina mama, aulize: wimbo huu unaimbwa saa gani? Nani anauanza? Nani hana ruhusa ya kuitikia? Jina la nani linaingia hapa? Aandike majibu, aandike pia jina la aliyemfundisha, kusudi lisipotee kama yale ya Kamina. (Kinasa sauti cha simu ni kizuri, lakini hakiulizi maulizo.) Waislamu, majirani wetu wa Kasongo, wana zikiri yao yenye saa yake na adabu yake, na vilio vyetu ni vile vile.

Wimbo wa kilio unaweza kuingia Ijumaa Kuu, au kwenye maziko ya mkristu. Wageni wakitaka kuusikia, mkatekista awaeleze kwanza ni nani anayeliliwa ndani yake, tena amwombe mama mwenyewe ruhusa. Akikataa, tusimbembeleze, tuimbe wimbo wa kukaribisha.