Kupiga Picha ya Motokaa Iendayo

Motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa husogea sentimita 28 katika sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kwa hiyo kamera iliyosimama kando ya njia huweza kuitoa kama kivuli. Dawa yake ni kuifunga kamera juu ya motokaa yenyewe kwa mkono wa chuma. Hapo huenda pamoja: twaiona motokaa wazi, na njia yapita kama maji ya mto. Sehemu za filamu ya Grand Prix, ya mwaka 1966, zilipigwa hivyo. Lakini mkono ukilegea katika mwendo mkali waweza kuua mtu. Basi kwa picha isiyo ya sinema, mafundi huisukuma motokaa polepole, jicho la kamera likiachwa wazi sekunde kadhaa. Kisha mkono hufutwa pichani. Tuonapo picha hiyo tusidhani dereva alikimbia, wala tusimwige.