KIOO CHA GARI KIKIKWAMA: TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE



Wengi wetu hatuna magari, lakini tunabebwa na magari ya zamani kila siku, na baadhi yetu ndio madereva wake. Magari hayo mengi yana madirisha ya umeme. Kioo kikikwama chini, vumbi na mvua vinatuingia. Kikikwama juu, kuanzia Kasese mpaka Kikorongo abiria wanaokwa kwa joto, na mpaka kufika Bwera kila mtu amelowa jasho.

Mwanachama wetu mmoja, dereva katika njia hiyo, alikatwa mshahara na tajiri wake kwa sababu ya kioo cha namna hiyo. Fundi alisema mota imekufa, ikanunuliwa nyingine, na kioo hakikusogea. Tuliichukua mota ya zamani tukaigusisha kwenye betri. Ikazunguka vizuri. Kumbe waya mmoja tu ulikuwa umekatika karibu na bawaba ya mlango. Ndugu yetu alilipia kosa lisilokuwepo. Kwa hiyo tumeona tueleze jambo hili.

Ndani ya mlango kuna mota ndogo ya volti 12. Mota inazungusha gia, na gia inavuta kamba ya chuma au inasukuma mkono wa chuma unaobeba kioo. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, kisha kwenye waya zinazoingia mlangoni. Ukikatika mahali popote katika safari hiyo, kioo kinasimama.

Tuanze na yale yasiyo na gharama:

1. Je, vioo vyote vimekufa au kimoja? Vikiwa vyote, tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, maana gari linaweza kuwaka moto. Vikikataa vya abiria tu, angalia kama dereva amebonyeza kile kitufe cha kuvifunga.

2. Bonyeza swichi na usikilize. Mota ikinguruma na kioo hakiendi, kamba au gia imevunjika. Kioo kikipanda polepole, mara nyingi mpira wa pembeni umekauka au umejaa vumbi. Ufute kwa kitambaa chenye maji, uukaushe, upake mafuta ya silikoni. Oili ya injini haifai: huharibu mpira na kukusanya vumbi.

3. Kusipokuwa na sauti yoyote, piga mlango kwa ngumi kidogo huku mwenzako akibonyeza swichi. Kioo kikishtuka na kwenda, huenda kaboni za mota zimekwisha. Na kama kioo kilikuwa kimepandishwa na kushushwa mara nyingi, ngoja dakika chache. Mota nyingi hujizima zikipata moto.

4. Bado? Fungua skrubu za ubao wa ndani wa mlango, kisha ung'oe vibanio vyake taratibu. Chomoa plagi ya mota, uunganishe balbu ya volti 12 kwenye zile waya mbili zinazotoka kwenye swichi. Bonyeza swichi. Balbu ikiwaka juu na chini, umeme unafika na mota ndiyo mbovu. Isipowaka, usinunue mota. Fungua swichi, usugue vyuma vyake vilivyoingia weusi kwa msasa laini, kisha uchunguze waya ndani ya ule mpira wa bawabani. Hapo ndipo waya hupindwa kila mlango unapofunguliwa.

Sasa hatari. Kabla ya kufungua mota, kibane kioo kwa gundi ya karatasi yenye nguvu, na utoe waya wa betri. Mikono mingine ya chuma ina springi kali. Ukiiachia mota, inaruka na kukata vidole. Ukimaliza, rudisha ile nailoni ya ndani ya mlango, kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari.

Neno la mwisho kwa madereva. Kabla ya kukubali kulipia spea, omba kuonyeshwa kipimo. Omba risiti, na spea ya zamani uiweke. Ile mota tuliyoigusisha kwenye betri ndiyo iliyokuwa shahidi wetu mbele ya tajiri, na bila hiyo tungekuwa na maneno matupu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Ukikatwa, usinyamaze wala usiende peke yako. Njoo kwa mwakilishi wa chama, na spea yako mkononi.

Umoja ni nguvu.