Nyama ya Idi hukaa frizani hadi lini?

Wiki ya baada ya Idi ya kuchinja, friza nyingi za pwani hufungwa kwa kusukumwa na goti. Mapaja ya mbuzi, mafungu yaliyoletwa na majirani, mifupa ya supu, maini, vyote vimo. Ndipo swali linapoanza jikoni: hii nyama itakaa hadi lini? Mmoja atasema mwezi, mwingine atasema isizidi wiki mbili. Je, wajua kwamba tukiangalia usalama peke yake, haina mwisho?

Huo ndio msimamo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo miongozo yake ya friza hufuatwa na wengi duniani. Chakula kilichoingia frizani kikiwa kizima, kikabaki muda wote kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, hakigeuki kuwa hatari kwa sababu ya kukaa. Mfano wa kupindukia ulipatikana Alaska. Mwaka 1979, wachimba dhahabu karibu na mji wa Fairbanks walifukua mzoga wa baisani, mnyama wa jamii ya nyati, uliokuwa umeganda ardhini kwa zaidi ya miaka 36,000. Mwaka 1984 mtafiti wake, Dale Guthrie, alikata kipande cha shingo, akakipika mchuzi pamoja na wageni wake, wakala. Wote walibaki salama.

Sababu ni maji. Bakteria hawawezi kuzaliana bila maji yaliyo majimaji, na kwenye baridi hiyo karibu maji yote ya nyama yamekuwa barafu. Lakini wengi wao hawafi. Wamelala tu, na nyama ikiyeyuka wanaamka na kuendelea walipoishia. Wanaokufa ni minyoo na viluwiluwi vyao: siku 7 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huwamaliza wale wa samaki.

Basi ile miezi tunayoambiwa ni ya nini? Ni ya ladha. Hata ndani ya friza, hewa inaendelea kuyala mafuta polepole mpaka yanachacha. Ndiyo maana nyama ya kusaga, ambayo imekatwakatwa na kuguswa na hewa kila upande, hupewa miezi 3 hadi 4, wakati mapande makubwa hufika hata mwaka. Kuku mzima hukaa mwaka, vipande vyake miezi 9. Maharage, mchuzi na vyakula vingine vilivyokwisha kupikwa, miezi 2 au 3. Yale madoa makavu ya kijivu kwenye nyama isiyofungwa vizuri ni mahali ambapo barafu imegeuka mvuke na kuondoka bila kupitia maji. Hayadhuru. Yakate, upike.

Samaki ndiye wa kutazamwa kwa makini. Changu ana mafuta machache, kwa hiyo hukaa miezi 6 hadi 8 bila kupoteza utamu. Jodari na vibua wana mafuta mengi, tena ya aina inayochacha upesi, na baada ya miezi 2 au 3 utaisikia ladha imebadilika. Hilo ni la ulimi tu. Kubwa zaidi ni lililotokea kabla hawajafika nyumbani. Jodari au kibua akiachwa juani saa kadhaa pale dikoni, bakteria hutengeneza histamini kwenye minofu yake. Histamini haiondolewi na baridi ya friza wala moto wa kikaango. Anayekula hupata uso mwekundu, kichwa kuuma, mdomo kuwasha, mara nyingi ndani ya saa moja, naye hudhani ana mzio wa samaki. Kwa hiyo ukinunua, angalia kwanza kama samaki amelala kwenye barafu ya kutosha. Friza huhifadhi hali iliyopokea, na hilo ningependa kila mnunuzi alijue.

Kuna pia jambo la kasi. Mapema katika karne ya 20, Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, Kanada, akaona samaki wa wenyeji wakiganda papo hapo katika upepo wa baridi kali, na walipopikwa miezi kadhaa baadaye walikuwa kama wapya. Biashara aliyoijenga juu ya jambo hilo ilianza kuuza vyakula vilivyogandishwa madukani mwaka 1930. Kinachofanyika ni hiki: maji yakiganda haraka hutoa chembe ndogo za barafu, yakiganda polepole hutoa kubwa, zinazopasua seli za nyama. Yale maji mekundu yanayobaki kwenye sahani nyama ikiyeyuka si damu. Ni utomvu wa seli zilizopasuka. Friza ya nyumbani haina kasi ya kiwandani, lakini waweza kuisaidia: gawa nyama katika mafungu ya mlo mmoja, yabonyeze yawe bapa, utoe hewa, uandike tarehe. Sufuria zima la maharage ya moto usilitie, maana katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Yagawe kwenye vyombo vidogo, yapoe, yaingie ndani ya saa 2.

Tena uangalie alama za nyota zilizochapwa kwenye kile kichumba cha kugandishia. Nyota moja ni nyuzi 6 tu chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Kichumba cha nyota moja ndani ya friji ndogo ni cha barafu na nyama ya wiki hii. Hesabu ya miezi haikihusu.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa hushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu tu kwa saa 24, ilimradi mlango haufunguliwi. Pengo lijazwe kwa chupa za maji, ukiacha nafasi juu kwa kuwa maji yakiganda huongezeka. Unaposafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta imezama chini, jua umeme ulikatika kwa muda mrefu, hata kama kila kitu kimeganda tena.

Nyama ambayo bado ina chembe za barafu, au ina ubaridi wa friji, unaweza kuirudisha igande. Itapungua utamu kidogo tu. Iliyolegea ikapata joto la chumba kwa zaidi ya saa 2, itupe, hata ikiwa hainuki na hata kama inauma kuitupa. Sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria, kama Staphylococcus, haina harufu wala ladha, na haivunjiki hata mchuzi utokote vipi.