Roketi ya Kourou na radi ya Kabare

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2022, saa nne na nusu kwa saa za Bukavu, watu wengi wa huku walikuwa wanaangalia mpira. Argentina ilikuwa inaichapa Croatia kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia. Sisi marafiki saba, tuliosoma pamoja na leo tumetawanyika kati ya Kabare, Bukavu, Idjwi na Kinshasa, tulikuwa kwenye WhatsApp tukingoja kitu kingine: roketi ya Ariane 5 iliyosimama Kourou, Guyane ya Ufaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Huko jua lilikuwa bado halijazama. Mmoja wetu alifuata vyote viwili, akawa anatutupia magoli katikati ya mazungumzo.

Aliyetukusanya ni mwenzetu agronomu. Mchana alikuwa ameandika: «Leo usiku banatuma mashini ya kuangalia radi. Mubakize mega.» Mashini yenyewe ni satelaiti ya hali ya hewa, MTG-I1, ya shirika la Ulaya liitwalo EUMETSAT. Uzito wake ni karibu tani 3.8. Mwanachama atauliza: mambo ya Ulaya hayo yanatuhusu nini sisi walimaji? Kwa upande wa radi, yanatuhusu sisi kuliko wao.

Kabla roketi haijaondoka, yaya wetu wa Kinshasa aliandika. Usiku uliotangulia mvua kubwa ilikuwa imenyesha kule, ikabomoa nyumba na kuporomosha udongo wa vilima. Kwenye Mont Ngafula ilikatika barabara ya taifa namba 1, ile inayoleta mizigo kutoka Matadi. Waliokufa walipita mia moja, na serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo. «Mimi siko naangalia roketi,» alisema. «Niko naangalia nani amepatikana mu matope.»

Kikundi kikanyamaza. Hata yule wa mpira aliacha magoli yake. Halafu mwenzetu mlimaji wa kahawa wa Kabare, tunayemwita Muze kwa sababu mvi zilimwanza mbele yetu, akauliza: «Sasa kama ile mashini ingekuwa juu jana, ingefanya nini?»

Hakuna aliyejibu, maana hesabu ilikuwa imeanza, kwa Kifaransa. Hapo tukaona mambo ya mtandao wetu. Wa Bukavu ameshaandika «Imepanda!», Kabare bado wanasikia mtu anahesabu, na Idjwi picha imesimama kabisa, kaduara kanazunguka. «Musituambie mwisho,» akaomba wa Idjwi, «tuko tunangoya.» Ariane 5 haiondoki mara moja. Mota ya katikati inawashwa kwanza na kuchunguzwa sekunde chache. Ikionekana iko sawa, ndipo inawashwa ile mirija miwili mikubwa ya pembeni, na hiyo ikishawaka hakuna wa kuizima. Muze alipouona ule moto: «Na hii moto yote, tungekausha kahawa ya koperative nzima siku moja.» Baada ya dakika 34 satelaiti iliachiliwa, ikaendelea yenyewe na safari.

Sasa iko wapi? Iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, upande wa Ghuba ya Guinea. Huko inazunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imefungwa kamba mahali pamoja. Inaona Afrika na Ulaya saa zote, usiku na mchana. Zile za kizazi kilichotangulia zilileta picha nzima kila dakika 15. Hii inaleta kila dakika 10. Dakika tano zinaonekana ni kitu kidogo, lakini aliyewahi kukimbia kufunika meza za kahawa anajua wingu la milimani linavyogeuka. Na ina kifaa ambacho satelaiti za upande huu wa dunia hazikuwa nacho: kamera nne za kuangalia mwanga wa radi, ile inayopiga chini na ile inayobaki ndani ya mawingu.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Walitumia hesabu za satelaiti nyingine, TRMM, za miaka ya 1998 hadi 2013. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ni Kabare. Karibu mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene ya Maniema na Sake ya Masisi zimo pia katika kumi za kwanza. Hewa yenye maji kutoka bonde la Kongo inakutana na milima yetu na pepo za maziwa, inapanda juu, na kule juu ndiko radi inakozaliwa. TRMM lakini ilikuwa mpita njia: iliona mahali pamoja kwa muda mfupi sana, ikaenda. Hii mpya haiondoki.

Agronomu alipotupa hesabu hizo, Muze akacheka kwanza: «Kumbe tuko wa pili mu dunia! Kwa mpira hatujafika, kwa radi tumefika.» Kisha akaandika yasiyochekesha. Ng'ombe wake wawili walikufa chini ya mti wa avoka, na watu wakamgeukia jirani yake, eti ndiye aliyetuma radi.

Tunayajua maneno hayo. Radi ikiua, swali la «nani ameituma» linaanza kabla ya mazishi, na mara nyingi linamwangukia mama mzee asiye na mtetezi. Mimi naona hapo ndipo kamera zile zinaweza kutusaidia hata baada ya mvua kupita: picha inayoonyesha kwamba saa ileile wingu lilelile lilikuwa linamweka vilima vyote vya jirani ni ushahidi wa kuweka mbele ya chifu. Hakuna jirani mwenye nguvu ya kutuma maelfu ya radi kwa usiku mmoja.

Satelaiti hiyo ilianza kazi rasmi Desemba 2024, na sasa inaitwa Meteosat-12. Kwetu, ofisi ya taifa ya hali ya hewa ni METTELSAT. Swali la Muze lilijibiwa usiku uleule, roketi ikiwa imeshapotea kwenye picha. Isingezuia mvua. Ingeonyesha wingu linavimba na linaelekea wapi. Kisha lazima awepo mtu anayeitazama picha, mwingine wa kupiga simu, na mwingine wa kugonga mlango wa nyumba iliyo chini ya kilima. «Basi mimi haitanipigia simu?» akauliza. «Hapana, Muze.» «Basi bado haijafika.»

Wakati tunangoja ifike, koperative isikae mikono mitupu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, kazi isimame: jembe liwekwe chini, mtumbwi urudi ufukweni, ng'ombe watolewe chini ya miti na mbali na senyenge. Kibanda cha majani cha shambani kinazuia mvua, radi hakizuii. Afadhali jengo kubwa kama shule, au gari lililofungwa. Mkikutwa mahali wazi, tawanyikeni, kila mtu achuchumae miguu pamoja, asilale chini. Na msirudi shambani mvua inapokatika tu. Ngojeni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wasio na simu waitwe kwa kugonga chuma, ile ringi ya gari iliyopo kwenye vituo vingi vya kuoshea kahawa. Chagueni mtu mmoja kwa kila zamu wa kuigonga. Na kama imetundikwa kwenye mti, iondoeni, muiweke chini ya baraza la jengo.