Parsele ya Kavimvira (3): Njia ya maji kwanza, mbegu baadaye

Wiki mbili zilizopita tulizungumza juu ya udongo na samadi. Wasomaji kadhaa wameniuliza mbona mpaka leo sijataja mbegu hata moja, na mvua i karibu. Nitazitaja. Lakini kwanza nawaomba tusimame katikati ya parsele, mwisho huu wa Agosti, ardhi ikiwa imekauka na vumbi la barabara ya Gatumba likiwa bado juu ya majani ya mwembe, tuulizane: mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, maji yataingilia wapi na yatatokea wapi?

Hapa kwetu Uvira bustani huanzia kwenye swali hilo. Nyuma yetu, upande wa magharibi, milima ya Mitumba inapanda ghafla kama ukuta. Mbele yetu ni ziwa Tanganyika. Kati ya hivyo viwili tumebakiwa na ukanda wa ardhi tambarare, nao umejengwa na maji yenyewe: vijito vya milimani vikishusha mawe na mchanga, Ruzizi ukileta tope jembamba kutoka kaskazini. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka mdomoni mwa Ruzizi kutaka kujua kama mto ule unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Wana wa mtawala wa Uvira walikuwa wameshawaeleza Burton na Speke jambo hilohilo mwaka 1858, miaka 13 kabla. Watu wa pwani hii tangu zamani walijua maji yao yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na ujuzi huo ndio ninaotaka turudi nao ndani ya parsele zetu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 sina haja ya kuusimulia kwa mtu wa Uvira. Mto Mulongwe ulivunja kingo zake, watu kwa makumi wakafa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kuharibika. Ziwa nalo likaendelea kupanda mpaka 2021, na mwaka 2024 likapanda tena, likaingia kwenye nyumba za watu waliodhani wako mbali nalo. Maji haya mawili hayafanani. Ya mlimani huja kwa kasi, hubeba mawe, hukaa saa chache kisha huondoka na udongo wako. Ya ziwani huja polepole, bila kelele, na yakishaingia hukaa miezi, kwa sababu Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mtu aliye karibu na mlima na mtu aliye karibu na ufuo hawawezi kufuata shauri moja la bustani, ingawa wote wawili huitwa watu wa Uvira.

Sitadanganya mtu kwamba mtaro wa parsele unaweza kuzuia mto uliofurika. Mto huo unatibiwa kule juu, ambako miti imekatwa ikachomwa makala na mvua haipati tena kitu cha kuipunguzia mwendo. Ninachozungumzia ni mvua ya kawaida, ile ya alasiri moja ya Novemba, ambayo haiandikwi gazetini lakini kila mwaka inatunyang'anya udongo mzuri.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mwaka mmoja nilitandaza bustani yangu sawa na ardhi, nikapiga mistari iliyonyooka kwa kamba, kila mpita njia akasifu. Mvua ya tatu ilipomalizika, lengalenga zote zilikuwa zimelala kwenye uzio wa chini pamoja na samadi niliyoilipia. Mama mmoja wa avenyu yetu alikuja kunipa pole, akatazama, akasema: "Papa, maji inajua njia yake ya zamani. Weye ndiye ulilala mu njia." Kesho yake nikaanza kuchimba.

Mtaro unaohitajika si mkubwa. Upana wa jembe, kina cha nusu ya goti, ukikata parsele kwa juu, upande maji yanapoingilia, halafu ukiteremka taratibu kwenda kwenye mfereji wa barabara. Taratibu, nasema, kwa maana mtaro wenye mteremko mkali utachimbika wenyewe na ifikapo Desemba utakuwa korongo. Udongo unaoutoa uweke upande wa chini wa mtaro, uushindilie uwe kingo, na juu yake panda mchaichai, vishina vikiachana shubiri moja. Mizizi yake hushona udongo kama uzi, mbuzi hawaupendi sana, na asubuhi unachuma majani ya chai. Jambo la kuzingatia kuliko yote: usielekeze mtaro kwa jirani. Kabla ya kupiga jembe la kwanza nenda umbishie hodi, mwoneshe unapotaka kupitisha, na kama inafaa chimbeni pamoja. Nimeona ugomvi wa miaka ulioanzia kwenye mfereji wa siku moja.

Baada ya mtaro ndipo matuta. Yakingame na mteremko, yasiufuate. Upana mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Kimo cha sentimita 30 kinatosha kwa parsele za juu. Kwa wenzetu wa karibu na ziwa, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na unyevu, pandisheni hadi 50, au achaneni na ardhi kabisa mlime kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, katikati ukisimamisha nguzo ya vijiwe kutoka chini hadi juu ili maji yashuke yasituame. Matundu ya ubavuni hupandwa mboga za majani, juu pilipili au nyanya chungu. Ziwa likipanda, unalihamishia gunia kwenye matofali. Familia iliyohama mara mbili kwa maji inajua thamani ya bustani inayobebeka.

Na yale yanayoanguka juu ya bati? Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina paa la mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya kawaida tu kwetu, inakuangushia lita 600, yaani bido 30 za lita 20. Hata ukipoteza tano au sita kwa kumwagika, ni bido nyingi kuliko zinazoweza kubebwa kichwani na mtoto wa kike kwa siku tatu. Kipande cha bati kilichokunjwa, kikafungwa chini ya ukingo wa paa kikielekea kwenye pipa lenye kifuniko, kinakuokoa siku zile kumi za jua katikati ya mvua ambazo huua miche. Kifuniko ni lazima, maana pipa wazi linazalisha mbu.

Sasa mbegu. Mvua ya kwanza ya Septemba isikudanganye. Hunyesha, harufu ya udongo hupanda, watu wote hutoka na majembe, kisha jua hurudi wiki mbili. Chimba kwa panga: kama unyevu haujafika chini ya urefu wa kiganja, ngoja. Ukifika, anza na lengalenga. Mbegu zake ni ndogo sana, basi zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane, zimwage juu ya tuta, zifunike kwa udongo kidogo sana. Wiki tatu au nne unakula. Ukikata badala ya kung'oa, zitachipuka tena.

Matembele hayana masharti mengi. Kata kamba ya sentimita 30, fukia theluthi mbili yake. Ukipata mbegu ya kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, chukua hicho, kwa ajili ya vitamini A ya watoto.

Kwenye mihogo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakinunua ugonjwa kwa pesa zao. Miti ya mihogo huuzwa ikiwa imefungwa mafungu, majani yameshakatwa, na mti uliokatwa majani hauwezi kukuambia kama ni mzima. Nilinunua fungu la namna hiyo. Mashina yalikuwa manene, ya kupendeza, na baada ya miezi miwili kila jani lilikuwa limejikunja lina mabaka ya manjano. Hiyo ni batobato. Virusi vyake hubebwa na inzi weupe, lakini safari ndefu husafirishwa na sisi wenyewe, ndani ya mashina tunayopeana. Ipo na michirizi ya kahawia, mbaya zaidi kwa sababu hujificha: shina hupendeza, majani ya chini tu ndiyo hupata manjano kando ya mishipa, kisha siku ya kuchimba unapasua mhogo ukakuta ndani kumekauka, pana rangi ya kutu. Basi nenda kachague mti ukiwa bado umesimama shambani na majani yake. Tazama ya juu, tazama ya chini, na kama mwenyewe anakubali, ng'oeni shina moja mpasue mhogo. Wanaotaka sombe tu, si mhogo, wapande karibukaribu, nusu mita, na wachume bila kuuacha mti uchi.

Kwenye nyanya nitawaudhi wengi: msizipande sasa. Mvua za Novemba na ukungu wake huzichoma majani ndani ya siku chache, na dawa za kupuliza si kitu cha kuchezea kwenye uwanja wanapocheza watoto. Zisubiri Mei, mvua zinapoondoka, ardhi ingali na maji.

Majivu ya jikoni pia yana mipaka yake kwetu. Kwenye udongo mchachu wa milimani ni dawa. Lakini sehemu za tambarare ya Ruzizi zina chumvi, na kiangazi unaiona imepanda juu kama ukoko mweupe. Palipo na ukoko huo, majivu huongeza tatizo. Tia samadi iliyoiva na majani makavu, na uache mvua ioshe. Maji ya mifereji ya barabarani msinyunyizie mboga kamwe. Kipindupindu hakijawahi kutoka Uvira kwa muda mrefu, nasi tunakila kwa jani bichi kama tunavyokinywa kwa kikombe.

Limebaki shimo la mpapai. Mpapai husimama kwenye maji siku mbili tu, ukafa, kwa hiyo uchimbie mahali pa juu kuliko pote, hata ikibidi kurundika kichuguu. Panda miche mitatu kwenye shimo moja, kwani mche hauoneshi kama ni dume au jike mpaka utoe maua, baada ya miezi mitano au sita. Dume hutoa maua madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa ua nene lililobana kwenye shina. Ya kwangu ya Oktoba iliyopita ilichanua mwezi Machi: madume mawili, jike moja. Nimelikata dume moja, la pili nimeliacha lichavushe majike ya mashimo mengine. Wiki ijayo ni zamu ya ndizi, na mahali pa kuzipanda nyuma ya bafu.