Mtoto anaharisha kila mara? Usiishie duka la dawa

Kijana wa miaka 13 anaharisha. Mama yake, mkazi wa Pugu, anapita duka la dawa, anaambiwa ni amiba, ananunua vidonge vya siku tano. Tumbo linatulia, kisha linarudi. Zahanati wanasema taifodi. Bibi anasema ni mchango, anachemsha mizizi. Miezi sita baadaye sare ya shule inampwaya na chooni ameanza kuona damu, lakini anaona aibu kusema.

Hivyo ndivyo ugonjwa sugu wa utumbo unavyoweza kujificha ndani ya nyumba. Aina zake kuu ni mbili: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, na kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana. Kinga ya mwili hushambulia utumbo, ukavimba na kuwa na vidonda. Hauambukizi, wala si kurogwa. Dawa huutuliza kwa muda mrefu, ingawa haziuondoi kabisa.

Kwa nini unachelewa kujulikana

Dalili zake zinafanana na za amiba, na hata za kifua kikuu cha tumbo. Mhudumu kuanza na hayo si kosa. Tatizo ni pale kila kituo kinapoanza upya, kwa sababu mgonjwa amefika mikono mitupu, bila karatasi ya vipimo vya nyuma.

Kuutambua kunahitaji kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na kinyama kidogo cha kupima maabara. Zahanati haina kipimo hicho. Rufaa hupanda ngazi hadi hospitali ya mkoa kama Amana, na hata Muhimbili. Kutoka Pugu ni takriban kilomita 20, na kwa mtoto ambaye tumbo linamwendesha, foleni ya Barabara ya Nyerere ndani ya daladala inatisha kuliko nauli.

Mzazi afanye nini

Muulize mtoto bila kumkaripia. Kuharisha zaidi ya wiki nne, damu kwenye choo, kuamka usiku kwenda kujisaidia, kukonda au kudumaa ni sababu ya kumwona daktari, si ya kununua dozi nyingine.

Weka daftari moja. Andika tarehe, uzito, dawa alizotumia na majibu ya vipimo, kisha nenda nalo kila unapokwenda. Uliza waziwazi: "Daktari, vipimo vya amiba havijaonyesha kitu, je, anahitaji rufaa?"

Usimpe prednisoloni kwa ushauri wa jirani. Kama kumbe ni kifua kikuu, dawa hiyo hushusha kinga na ugonjwa ukasambaa.

Kuhusu gharama, mwenye bima aulize kabla kama kifurushi chake kinalipia kipimo cha kamera na dawa za muda mrefu. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma kuomba msamaha.

Mwisho, zungumza na mwalimu wa darasa ili mtoto aruhusiwe kutoka kwenda chooni bila kuomba mbele ya wenzake. Akipata nafuu, asiache dawa mpaka daktari aseme. Wapo wanaorudi hospitali wakiwa hoi kwa sababu hiyo.